Muulize Fundi: Kitambaa cha mti usikihukumu kikiwa kikavu

Wiki hizi maswali ya vitambaa vya mti yamekuwa mengi mpaka nikajua kuna mzigo umeshuka madukani. Kila mtu lebo yake ina jina geni, Lyocell, Modal, Viscose, Tencel, mianzi, na kila muuzaji ana maelezo yake. Nimechagua matano. Yaliyofanana nimeyaunganisha, wenyewe mtajijua.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga. Nimenunua seti ya mashuka kwa bei ambayo siitaji hapa maana mume wangu naye anakusoma. Lebo imeandikwa 100% Lyocell, muuzaji kasema yametokana na mti, na kweli ni malaini mpaka mtu unateleza. Mume wangu anasema nimepigwa, eti mti unatengenezwa kitanda sio shuka. Nani mkweli?

Marahaba mwanangu. Muuzaji kasema kweli, na baba watoto naye tusimcheke maana hata mimi mara ya kwanza kuambiwa niliuliza hivyo hivyo. Mwambie hivi: khanga aliyofungiwa alipozaliwa ni pamba, na pamba ni selulosi, yaani ile malighafi inayojenga mwili wa mimea, zaidi ya asilimia 90. Mbao ya hicho kitanda anachokitetea nayo ndani ina selulosi hiyo hiyo, ila ni kama asilimia 40 mpaka 50 tu, iliyobaki ni lignini, yaani ile gundi inayofanya mti usimame, na vitu vingine vingine. Kwa hiyo tofauti ni kwamba pamba Mungu kaishusha ikiwa uzi tayari, mti inabidi uubembeleze.

Kuubembeleza kwenyewe ndo hivi. Mti unakatwa vipande vidogo, unapikwa na kemikali mpaka ile lignini itoke, inabaki rojo nyeupe ambayo inakaushwa inakuwa kama makaratasi manene. Yale makaratasi yanatiwa kwenye kiyeyusho kinaitwa NMMO pamoja na maji, vinapashwa moto mpaka inakuwa kitu kizito kama asali wakati wa baridi, afu inasukumwa kwenye sahani yenye vitundu vidogo kuliko unavyofikiria, inapita hewani kidogo tu halafu inatumbukia kwenye maji na hapo hapo inageuka uzi. Uzi unaoshwa, unakatwa, unasokotwa kama pamba. Kile kiyeyusho hakimwagwi, wanakichuja wanakirudisha kazini, zaidi ya asilimia 99, na hapa ndipo penye sifa kubwa ya laioseli (mimi naiandika hivyo, mdomo wangu umeshazoea).

Manake kulikuwa na njia ya zamani, na bado ipo na ndo inayotengeneza nguo nyingi zaidi, inaitwa viskosi, wengine wanasema rayoni. Hiyo Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, waliisajili mwaka 1892. Rojo ile ile ya mti inalowekwa kwenye magadi makali, inatiwa kemikali inayoitwa kaboni disalfaidi, inakuwa rangi ya chungwa, afu inasukumwa kwenye bafu la asidi. Uzi unatoka mzuri, unang'aa, bei nafuu, lakini ile kaboni disalfaidi imewaharibu mishipa ya fahamu na akili wafanyakazi wa viwandani kwa miaka mingi sana, na kiwanda kisichojali kinaiachia hewani na mtoni. Wewe mvaaji haikudhuru, ilishatoka. Aliyeumia ni aliyekutengenezea. Na kabla ya hao kulikuwa na Mfaransa, Chardonnet, alipeleka hariri yake ya bandia kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1889, watu wakaishangaa, shida yake ilikuwa ikiona moto inawaka kama baruti. Tumetoka mbali jamani.

Laioseli yenyewe imekuja juzi. Kampuni ya Courtaulds ya Uingereza ndo iliihangaikia mpaka ikafungua kiwanda Mobile, kule Alabama Marekani, mwaka 1992, ikaiita Tencel. Wenzao wa Austria, Lenzing, wakafungua cha kwao mwaka 1997, na mwaka 2004 wakanunua na hiyo Tencel. Kwa hiyo Tencel ni jina la biashara la Lenzing, laioseli ni jina la kitambaa, sawa na kusema Colgate na dawa ya meno. Ila angalia, siku hizi kuna Tencel Lyocell na kuna Tencel Modal, soma neno la pili (Modal ni kitambaa kingine, nitakieleza hapo chini).

Sasa mashuka yako. Kila nikiulizwa kitambaa cha mti ni kizuri au kibaya huwa najibu, kimelowa au kikavu? Kikiwa kikavu vyote vinakudanganya, viskosi ya bei rahisi na laioseli ya bei mbaya ukivishika dukani vyote vinateleza vyote vinaanguka vizuri. Vitumbukize majini ndo utajua nani mtoto wa nani. Viskosi ya kawaida ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Laioseli inabaki na kama asilimia 85. Pamba ndo kabisa, ikilowa inaongezeka nguvu. Kwa hiyo mashuka yenye kufuliwa kila wiki, laioseli ni chaguo la maana, hujapigwa. Ungenunua ya viskosi kwa bei hiyo ningesema mwenyewe umepigwa.

Jambo moja tu, foronya zigeuze ndani nje unapofua, na mashuka usiyasugue kwa brashi wala kuyapigiza jiweni. Laioseli ikisuguliwa ikiwa imelowa inachomoza vinyuzi vidogo vidogo kwa juu, shuka la rangi nzito linaanza kuonekana kama limemwagiwa vumbi la unga, utafua tena na tena hilo vumbi halitoki maana sio vumbi. Na msimu wa mvua hapo Tanga usiyakunje yakiwa na unyevu, selulosi ndo chakula cha ukungu, utafungua kabati baada ya wiki utakuta vidoa vyeusi na hivyo kutoka ni shughuli.

Fundi mambo. Niko Kisauni, Mombasa. Nilinunua dera sokoni, lilikuwa linafika chini kabisa, nimelifua mara moja tu sasa linaishia kwa enka kama la kuazima. Lingine limeraruka kwa makwapa nikilikamua. Lebo hazina. Nimeuliza muuzaji akaniambia ni kotoni safi. Ni kotoni kweli ama nimedanganywa?

Poa mdogo wangu, pole na madera. Bila kuyaona nakwambia hiyo ni viskosi, na wewe umenipa ushahidi mwenyewe, limeraruka likiwa limelowa wakati unakamua. Kotoni haina tabia hiyo. Madera mengi yale mepesi ya kumwagika ni viskosi, na hakuna ubaya, ndo maana yanapendeza, kotoni haiwezi kumwagika vile. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la mwingine ukaenda kulifua kama khanga.

Chukua hilo lililoraruka, lishakufa, tulifanyie uchunguzi. Kata kipande chembamba upana wa vidole viwili. Lowesha katikati tu kwa ncha ya kidole chenye maji, pale katikati utaona panakuwa pagumu pagumu kama kadi. Shika huku na huku uvute. Kikikatika pale palipolowa, viskosi. Kikigoma pale afu kikakatikia pakavu, kotoni. Mimi nafanya hivi mbele ya wateja na huwa wanataka kujaribu wenyewe, hata wazee.

Ukitaka kujua kama wamechanganya na poliesta, yaani nyuzi za plastiki, chomoa uzi mmoja mmoja kwenye upindo, weka juu ya kisahani, washa kiberiti. Nyuzi za selulosi, pamba, viskosi, laioseli zote, zinaungua haraka, harufu ni ya daftari la shule linachomwa, jivu ni laini la kijivu ukiligusa linapotea. Poliesta inajikunja inayeyuka inaacha kigololi kigumu cheusi kinachochoma vidole, usikiguse upesi. Ujue tu kiberiti hakikwambii ni viskosi au pamba, harufu ni moja, ndo maana nimeanza na maji.

Kuhusu kuruka, yaani dera kufupika: kiwandani kitambaa kinavutwa wakati kinamaliziwa, kinakauka kikiwa kimenyooka hivyo hivyo. Siku ya kwanza kuona maji kinapumua, nyuzi zinavimba, kinarudi kwenye ukubwa wake wa asili. Lililoruka mara moja haliruki tena sana, na unaweza kulirudishia vidole kadhaa. Lilowe, likamue kwa kulikunja ndani ya taulo na kukanyaga, litandaze juu ya taulo lingine, vuta pindo la chini polepole kwa mikono miwili hatua kwa hatua kuzunguka, afu lipige pasi ya moto wa kati likiwa bado na unyevu huku unavuta. Haliwezi kurudi lote. Litatoka kwa enka lishuke kidogo, hilo nakuahidi, zaidi ya hapo ongeza pindo la rangi nyingine useme ni fasheni.

Na mengine kuanzia leo: beseni lake peke yake, maji baridi, sabuni ya maji kidogo, dakika kumi zinatosha, usiloweke ukaenda harusini ukarudi. Usikamue kwa kusokota, libonyeze. Jiki usiikaribishe. Usilitundike kwa mabega likiwa linachuruzika maji, uzito wa maji wenyewe unalivuta upande upande, lilaze juu ya kamba mbili, kivulini. Najua unasema hiyo ni kazi ya mtu asiye na watoto. Basi nunua khanga, khanga hainaga maneno.

Assalaam alaykum Fundi. Niko Maskati, nimenunua nguo za mtoto mchanga zimeandikwa kwamba ni za mianzi, eti asili mia kwa mia na zinaua bakteria. Bei ni mara tatu ya pamba. Nimtumie na dada yangu Unguja kwa ajili ya mtoto wake?

Waalaykum salaam dada yangu. Ushawahi kushika muanzi ukawa laini? Huo uliogeuka kitambaa laini cha kugusa ngozi ya mtoto umepita njia ile ile ya viskosi niliyomweleza mama wa Tanga hapo juu, magadi, kaboni disalfaidi, asidi. Ukimaliza safari hiyo huwezi tena kumtofautisha muanzi na mkaratusi, wote wamekuwa selulosi tupu. Hiyo ya kuua bakteria, kama muanzi ulikuwa nayo, imebaki kwenye maji ya kiwandani.

Na hili sio neno langu peke yangu. Marekani kuna tume ya biashara inaitwa FTC, tangu mwaka 2009 inawabana wauzaji kwa kuandika mianzi kwenye nguo ambazo ni rayoni, na mwaka 2022 Walmart na Kohl's walikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kesi za aina hiyo. Sheria yao inataka iandikwe rayoni au viskosi iliyotokana na mianzi. Kwa hiyo pindua hiyo nguo, tafuta kile kilebo kidogo cha pembeni kwa ndani, sio karatasi ya kuning'inia, kile kidogo ndo huwa kinasema kweli. Ukiona rayoni ujue ndo umenunua rayoni.

Hata hivyo kwa mtoto sio mbaya. Ni laini, inanyonya jasho, haina joto. Ila bei mara tatu hapana, na kwa Unguja ambako nguo zitafuliwa kila siku na kukamuliwa na mikono ya bibi, mtumie za pamba. Kama mkono unakuwasha kutoa hela, tafuta modali. Modali ni ndugu wa viskosi aliyepitishwa njia iliyoboreshwa akawa mgumu zaidi kwenye maji, sana sana inatokana na mti unaoitwa biichi wa kule Ulaya, na kwa nguo zinazogusa mwili moja kwa moja, fulana za ndani, chupi, nguo za kulalia, mimi naiweka mbele ya zote. Inakaa laini hata baada ya kufuliwa mara nyingi, wakati pamba ya bei rahisi inaanza kukwaruza.

Fundi mwenzangu, mimi nashona Mbagala. Mteja kaniletea kitambaa cha Tencel mita nne anataka gauni la kukata mshazari, nikikitandika mezani kinakimbia kama samaki. Nipe ujanja.

Kwanza kabla hujagusa mkasi kifue, au mwambie mteja akifue, ukikata kikiwa hakijaona maji lawama zote zitakuwa zako. Kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, upande wa ndani. Tandika gazeti au karatasi ya brauni chini, bana kitambaa na karatasi pamoja, kata vyote, hutaamini kinavyotulia. Sindano namba 11, hata 9, weka mpya, ile ya 16 uliyoshonea jinzi jana itavuta nyuzi na mteja ataona. Shingoni na makwapani piga mshono mmoja wa kushikilia pale pale ukimaliza kukata, usiache mpaka kesho, hapo ndipo panapotanuka. Na gauni la mshazari likishaungwa litundike usiku kucha kabla ya kupinda chini, asubuhi utakuta upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, sawazisha ndo upinde. Mimi niliwahi kumkabidhi bi harusi gauni la msindikizaji wake bila kulitundika, kufika ukumbini nyuma linafagia na mbele linaonyesha viatu, picha zipo mpaka leo.

Pasi usiiweke moto wa pamba, weka wa kati, na kama ni rangi nyeusi tanguliza kitambaa juu la sivyo itang'aa kama suruali ya karani.

Fundi habari za kazi. Mimi nina ekari za mikaratusi huku Mufindi. Nimesikia hizi nguo zinatokana na mikaratusi. Je naweza kuuza miti yangu kwa watu wa nguo? Na la pili, mimi hukimbia asubuhi, fulana ya hicho kitambaa inafaa?

Habari nzuri ndugu yangu. Uliyosikia ni kweli, mkaratusi ni mmoja wa miti inayotumika sana, maana unakua upesi na hauhitaji kumwagiliwa. Shida sio mti, shida ni kiwanda cha katikati. Ile rojo ya nguo inatakiwa iwe safi kuliko rojo ya karatasi, selulosi tupu, na viwanda vinavyoitoa kwa wingi ni vya kuhesabu. Kiwanda cha karatasi kilichopo hapo kwenu Mgololo ni cha karatasi ngumu za mifuko, sio hiyo. Kilicho karibu kwa maana ya bara letu ni kule Umkomaas, Afrika Kusini, kiwanda cha Sappi, ni kati ya vikubwa duniani kwa rojo ya nguo na kinakula mikaratusi ya mashamba ya kule kule. Magogo hayasafiri kutoka Mafinga mpaka huko ukabaki na faida, mafuta ya lori peke yake yatameza kila kitu. Uza nguzo na mbao, na ukiona mtu anakuja kijijini na mkataba wa kiwanda cha nguo anaomba mtangulize hela ya usajili, mwiteni mtendaji.

Kukimbia sasa. Tuseme una kilo moja moja ya nyuzi kavu kabisa umeziacha kwenye chumba chenye hewa ya kawaida. Pamba itavuta unyevu wa kama gramu 80 hivi. Viskosi na laioseli zitavuta 110 mpaka 130. Poliesta itavuta kama 4, yaani haina habari. Ndo maana ukikaa tu barazani na shati la laioseli halikugandi mgongoni, jasho likianza lenyewe linalichukua kabla hujalisikia. Lakini wewe unakimbia, jasho lako sio la barazani, fulana itajaa maji, itakuwa nzito, na ikishajaa haikauki upesi, na baridi ya asubuhi huko kwenu unaijua mwenyewe, utasimama kupumua utatetemeka. Kimbia na poliesta. Ukirudi ukaoga, hapo vaa ya mti.